TAIRI SI MENO TU: MZIGO USIOSHUSHWA NA MSHAHARA UNAOKATWA



Leo twaandika juu ya tairi. Huenda mtu akacheka na kusema kwamba Chama kimeishiwa na mambo: mishahara haitoshi, saa za kazi ni nyingi, nacho chazungumza habari za mpira na upepo. Mtu huyo twamwomba asome mpaka mwisho. Ataona kwamba habari ya tairi ni habari ya mshahara, tena ni habari ya uhai.

Malori tunayoyasema ni yale yaliyojengewa nyumba mgongoni kwa ajili ya watalii. Kila mmoja wetu ameyaona. Ndani mna vitanda, jiko, friji, mtungi wa gesi na tangi la maji, na juu ya paa yamefungwa mahema na viti. Hutoka Nakuru, hupita Maili Kumi, huteremka Subukia na kupanda tena mpaka Nyahururu, kisha hushika njia ya Rumuruti na Maralal. Mengine hayasimami mpaka Loiyangalani penye Ziwa Turkana, katika nchi ya mawe makali ya volkano. Wanaoyaendesha ni ndugu zetu, na wanaolala chini ya malori hayo usiku wakibadilisha tairi kwa taa ya tochi ni ndugu zetu vile vile.

Ubaya wenyewe ni huu. Tajiri hununua lori zuri. Huwalipa seremala na fundi wa kuchomea vyuma fedha nyingi ili nyumba ipendeze. Hununua magodoro mapya na mapazia. Ikifika zamu ya matairi, hapo ndipo anapokumbuka kubana matumizi. Humtuma karani mjini akatafute yaliyo rahisi, karani asiyejua lori lina uzito gani, na dereva haulizwi hata neno moja. Halafu tairi likipasuka njiani, dereva huitwa ofisini na bei ya tairi hukatwa katika mshahara wake. Yaani aliyechagua halipi, na anayelipa hakuchagua. Hii si haki, na twasema wazi kwamba haifai kuendelea.

MZIGO USIOSHUSHWA

Lori la viazi hupakia Dundori, hushusha sokoni, na hurudi tupu. Matairi yake hupata nafuu nusu ya safari. Lori lenye nyumba halishushi kamwe. Likienda limebeba, likirudi limebeba, likilala uani wiki tatu bado limebeba. Asubuhi ya Krismasi, wakati dereva yuko kwake na watoto wake, matairi yale yangali kazini.

Isitoshe, nyumba ni ndefu kwenda juu. Lori likiingia kona za Subukia, uzito hulalia upande mmoja, na matairi ya upande huo hubeba zaidi ya fungu lake. Kwa hiyo mtu anayesema, "Lori hili halibebi kitu, ni vitanda tu," hajui anenalo. Maji peke yake, lita 500 ni nusu tani nzima. Ongeza mbao, vyuma, mafuta ya ziada, chakula cha siku kumi na watu wenyewe.

Basi jambo la kwanza katika kuchagua tairi la kudumu si kwenda dukani. Ni kwenda kwenye mizani, lori likiwa limejaa kama siku ya safari, maji ndani na watu ndani. Na wala haitoshi kupima lori zima kwa jumla. Tutatoa mfano.

Tuseme ni lori dogo la kiasi cha Canter, lenye matairi ya 7.50R16 yaliyoandikwa ubavuni 122/118. Nambari ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake, kama yale ya mbele. 122 maana yake ni kilo 1,500. Nambari ya pili ni ya tairi lenye mwenzake ubavuni, kama yale ya nyuma. 118 maana yake ni kilo 1,320. Nyuma kuna matairi 4, basi kwa jumla yaweza kubeba kilo 5,280. Mizani yaonyesha kwamba ekseli ya nyuma ina kilo 5,200, naye tajiri afurahi kuwa amebakiwa na nafasi ya kilo 80.

Lakini tangi la maji, jiko na friji vyote vimewekwa upande wa kushoto. Ukipima upande kwa upande waona kushoto kilo 2,900 na kulia kilo 2,300. Matairi mawili ya kushoto yana ruhusa ya kilo 2,640 tu. Yamezidishiwa kilo 260, kila siku, kila saa, na karatasi ya ofisini yasema kwamba mambo ni mazuri. Siku moja tairi la ndani kushoto litapasuka, na dereva ataulizwa, "Ulipiga jiwe gani?"

Wala mtu asijifiche nyuma ya mizani ya Serikali kama ile ya Gilgil. Mizani ile ni ya kulinda barabara. Sheria ya mizigo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi 4. Lori letu la mfano litapita hapo bila kuulizwa, na huku tairi lake linaungua. Kupita mizani si cheti cha tairi.

Dawa yake si ngumu. Ama vitu vihamishwe ili pande mbili zilingane, ama vipunguzwe, ama ichukuliwe tairi yenye nambari kubwa zaidi, maadamu rimu, ekseli na springi zaruhusu. Na tairi lisichaguliwe la kutosha kilo kwa kilo. Lazima libakiwe na akiba, kwa sababu katika kona na mashimo uzito hauhesabiki kwa penseli.

MENO YAWEZA KUDANGANYA

Jambo la pili ni umri. Lori la viazi humaliza meno ya tairi kabla tairi halijazeeka. Lori la watalii ni kinyume chake. Miezi ya mvua za masika hukaa uani, jua likiwaka na mvua ikinyesha, mzigo ule ule juu yake. Meno yabaki marefu, lakini mpira wakauka na kufanya nyufa, na nyuzi za ndani zaachana. Tajiri hulitazama, huweka kidole kati ya meno na kusema, "Hili bado jipya." Si jipya. Ni zee lililovaa nguo mpya.

Kujua umri hakuhitaji elimu ya chuo kikuu. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, mna tarakimu 4. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3214, limetengenezwa juma la 32 la mwaka 2014. Ukiona tarakimu 3 tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na mahali pake ni shambani kupandia maua.

Yaliyotokea Uingereza yatufundishe. Mwezi wa Septemba mwaka 2012, basi lililokuwa likirudisha vijana nyumbani kutoka tamasha la muziki lilipasuka tairi la mbele, likatoka barabarani na kugonga mti. Watu 3 walikufa, na dereva alikuwa mmoja wao. Tairi lile lilikuwa na meno ya kutosha kisheria, lakini lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 19. Mama wa kijana mmoja aliyekufa hakukubali kunyamaza. Alipiga kelele mwaka baada ya mwaka, na tangu tarehe 1 Februari 2021 sheria ya huko yakataza tairi la miaka 10 na zaidi kwenye ekseli ya mbele ya malori na mabasi. Mama mmoja alianza, na sheria ikabadilika. Je, sisi tulio wengi twaogopa nini?

BARABARA IPI, TAIRI LIPI

Jambo la tatu ni njia. Wako wanaopenda tairi lenye meno makubwa kama ya trekta, kwa kuwa lori hupendeza katika picha. Meno ya namna hiyo ni mazuri katika tope la Solai wakati wa mvua. Lakini mpira mzito wa meno huhifadhi joto, na katika lami ndefu ya Nakuru mpaka Nairobi huliwa upesi. Lori linalokwenda lami siku nne na mawe siku mbili lataka tairi la njia mchanganyiko, lenye meno ya kiasi na ubavu mgumu. Ubavu ndio unaochanwa na mawe ya Baragoi na Loiyangalani, na ubavu uliochanika hauzibwi kwa kiraka.

Matairi ya nailoni na yale ya waya wa chuma yasichanganywe katika ekseli moja. Matairi mawili yanayokaa pamoja nyuma lazima yawe na urefu mmoja, kwa maana lililo refu hubeba mzigo wa mwenzake, na lililo fupi huburuzwa. Na kila dereva achunguze kati yao kabla ya kuondoka, asiache jiwe limebanwa humo.

Juu ya matairi yaliyovikwa mpira mpya, hatusemi kwamba yote ni mabaya. Hata ndege kubwa hutua kwa matairi yaliyovikwa upya, kwa sababu hukaguliwa kwa makini. Twasema kwamba yasiwekwe mbele, na kwamba tairi lililovikwa na mtu asiyejulikana, juu ya ganda lisilojulikana umri wake, halifai kubeba nyumba yenye watu.

Zamani mnunuzi alikuwa na mlango wa kubisha hapa hapa nchini. Kampuni ya Firestone East Africa ilianzishwa mwaka 1969, na kiwanda chake cha Nairobi kilitengeneza matairi kwa miaka mingi. Baadaye kampuni ikaitwa Sameer Africa, na tairi lake la Yana likajulikana kila mahali. Mwaka 2016 kiwanda kile kiliacha kazi ya kutengeneza matairi, na wenzetu wa kiwandani wakapoteza ajira. Sasa maduka yetu yamejaa matairi ya kutoka ng'ambo ya majina mengi, pamoja na ya mtumba kutoka Japani yaliyopakwa rangi nyeusi yang'ae. Jina zuri na rangi nzuri havina maana. Soma nambari ya uzito, soma tarehe, kisha ndipo uulize bei.

NANI ALIPE?

Sasa twafika penye kidonda. Mwanachama wetu mmoja, ambaye hatutamtaja wala hatutamtaja mwajiri wake, alipasukiwa na matairi mawili katika safari moja ya kaskazini. Alikuwa amekwisha kusema ofisini kwamba yana nyufa. Aliambiwa, "Wewe endesha." Aliporudi alikatwa fedha miezi mitatu, na watoto wake wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.

Ndugu zetu, sheria iko. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyakazi ameiharibu kwa kosa la makusudi. Tairi lililopasuka kwa uzee ni kosa la makusudi la nani? Lililopasuka kwa kuzidishiwa mzigo na aliyeijenga nyumba upande mmoja ni kosa la makusudi la nani? Mwajiri atuonyeshe makusudi ya dereva, au arudishe fedha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vyombo vya kazi vilivyo salama. Yamtaka mfanyakazi atoe habari akiona hatari kubwa, na yakataza mtu kurudishwa katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Tena yakataza kumwonea mfanyakazi kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama. Nayo Sheria ya Trafiki yataka matairi ya gari lililo barabarani yawe katika hali isiyohatarisha watu. Lakini polisi akisimamisha lori, ni nani aliye kwenye usukani? Ni dereva. Tajiri yuko nyumbani anakunywa chai.

MAJIBU YA MATAJIRI

Tajiri husema: "Matairi ni ghali." Kweli ni ghali. Lakini na ahesabu sawasawa. Tairi likipasuka kaskazini ya Maralal, hulipa tairi, hulipa gari la kulipeleka, hulipa hoteli ya wageni walionuna, na mara nyingine ubavu wa lori na mabomba ya breki vilivyochapwa na vipande vya mpira. Tairi rahisi limekuwa ghali kuliko lile aliloliacha dukani. Rahisi ni ghali, wazee walikwisha kusema.

Tena husema: "Madereva hukimbiza magari." Wako wanaokimbiza, na Chama hakiwatetei. Lakini ni nani anayeandika ratiba ya kutoka Ziwa Bogoria asubuhi na kufika Nairobi kabla ya ndege ya jioni, na huku gari zito halina ruhusa ya kupita kilomita 80 kwa saa? Anayetaka tairi lidumu aanze na saa yake mwenyewe.

Tena husema: "Dereva hajui mambo ya matairi." Bwana, yule anayelisikia lori likivuta kushoto, anayegusa mpira kwa kiganja kila anaposimama, ndiye hajui, na karani anayejua bei tu ndiye ajuaye?

WAJIBU WETU SISI

Hata hivyo mwenye kudai haki na atimize wajibu. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji na si kwa kupiga teke. Kipimo kifuate jedwali la mtengenezaji kwa uzito uliopimwa, si kwa mazoea. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavu, hujikunja tena, hupata joto, na joto ndilo linaloliua. Likipungukiwa kwa sehemu moja katika tano, lihesabiwe kuwa limeishiwa kabisa. Na tairi likipata moto njiani usilitoe upepo ili kulipoza. Simama, lipoe lenyewe, kisha tafuta sababu.

Tena twasema bila kuficha: dereva anayepakia magunia ya viazi au makaa juu ya nyumba ya watalii ili apate fedha ya pembeni anajikatia kamba yeye mwenyewe. Siku ya kesi, gunia lile ndilo litakaloitwa kosa la makusudi, na Chama kitakuwa kimefungwa mdomo.

TUNAYOYADAI

Kwanza, kila lori lenye nyumba lipimwe likiwa limejaa, gurudumu kwa gurudumu au walau upande kwa upande, na hesabu hiyo ibandikwe ndani ya kebini.

Pili, matairi yasinunuliwe bila dereva na fundi kutoa maoni yao kwa maandishi.

Tatu, ekseli ya mbele isivikwe tairi lililopita miaka 6, na lililofika miaka 10 lisitumike mahali popote, hata kama meno yake ni marefu kama ya mamba. Tairi la akiba lihesabiwe umri kama mengine.

Nne, kila lori lipewe geji, pampu ya upepo na jeki inayoweza kuinua uzito ule kwa usalama, na linalokwenda kaskazini lipewe matairi mawili ya akiba.

Tano, fedha zote zilizokatwa kwa matairi yaliyopasuka bila kosa la makusudi zirudishwe.

Kila mwanachama aliyekatwa na alete hati ya mshahara, tarehe ya safari, na zile tarakimu 4 za tairi lililopasuka. Ikiwezekana achukue picha ya ubavu wake kabla halijatupwa, kwa maana tairi likitupwa ushahidi umetupwa. Akija mtu mmoja ofisini kwa mwajiri ataambiwa, "Wewe endesha." Tukija wote, na hesabu za mizani mkononi, itabidi tujibiwe kama watu.

Haba na haba hujaza kibaba. Leteni karatasi zenu.